Tawasifu ya Isaac Asimov: uanzie wapi, uisome vipi, umwamini wapi

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari hapa Tudor, Mombasa. Amepata kwa muuza vitabu vikuukuu juzuu la kwanza la tawasifu ya Isaac Asimov, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za kisayansi, In Memory Yet Green. Alilianza kwa hamu, akafika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, akakwama. Anauliza mambo matatu: aendelee au ahamie kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo; amwamini kiasi gani; na afanye nini nacho katika chama cha wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotaka kuandika hadithi za kisayansi kwa Kiswahili.

Mwalimu, usikiweke chini. Umekwama kwa sababu unakisoma kama riwaya, ukingoja kisa kipande hadi kileleni. Hakitapanda. Kitabu hiki kimejengwa juu ya shajara, na shajara haijui kilele. Tarehe 1 Januari 1938, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18, Asimov alianza kuandika kila siku yaliyompata, naye hakuacha. Alipokaa kuandika tawasifu miaka arubaini baadaye, alifungua shajara hizo na kuzifuata siku baada ya siku. Ndiyo maana barua ya kukataliwa, mtihani wa kemia, sinema aliyotazama na mswada uliobadilisha maisha yake vinapewa nafasi karibu sawa. Kisome kama unavyopitia daftari la duka: kila mstari una tarehe, kiasi na jina, na maana inatoka kwa kuoanisha mistari iliyo mbali.

Fanya hivi. Chukua penseli, rudi nyuma, utafute pale shajara inapoanza mwaka 1938, uweke alama pembeni. Kabla ya alama hiyo unasoma kumbukumbu za mtoto na maneno ya wazazi wake. Baada yake unasoma rekodi. Hizo ni aina mbili za ushahidi na zinadai masikio mawili. Kisha chora jedwali la safu nne kwenye daftari: tarehe, alichokuwa akiandika, aliyekinunua (na kwa pesa ngapi) au kukikataa, na kilichokuwa kikiendelea nyumbani, chuoni au kazini. Usijaze kila kitu. Jaza mstari mmoja kwa kila hadithi au kitabu, basi. Baada ya miaka mitatu ya maisha yake utaanza kuona mambo ambayo mwenyewe hakuyasema wazi.

Mfano ulio mbele yako tayari ni tarehe yake ya kuzaliwa. Alizaliwa Petrovichi, Urusi, siku isiyojulikana hasa, baina ya Oktoba 4, 1919 na Januari 2, 1920. Mwenyewe akaichagua hiyo ya mwisho. Familia ilihamia Marekani mwaka 1923. Mama yake, ili amwingize shule mapema, alitoa tarehe ya Septemba 7, 1919. Isaac alipojua, akiwa bado mtoto wa shule, akashikilia irekebishwe. Ukisoma upesi utaruka hapo, kwani ni jambo dogo la karatasi. Lakini mamia ya kurasa mbele, Novemba 1945, anaitwa jeshini akiwa hajafikisha miaka 26. Lau tarehe ya mama ingebaki katika hati, angekuwa ameshavuka umri wa kuitwa. Kwa hiyo, pamoja na jedwali, tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa mambo madogo yanayonuka kurudi: jina la mhariri aliyemkataa kwa upole, mswada uliowekwa mtotoni mwa meza, ugomvi usiokwisha.

Mswada wa mtotoni upo kweli, na ndio mstari ninaotaka uufuate kuliko yote. Mwaka 1947 aliandika hadithi ndefu kwa maombi ya jarida la Startling Stories. Jarida likaikataa. Akampelekea John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding, naye akaikataa. Akaihifadhi. Mwaka 1949 kampuni ya Doubleday, iliyokuwa imeanza kutafuta riwaya za aina hiyo, ikaiomba, ikamtaka airefushe ifike maneno 70,000, na Januari 1950 ikatoka kwa jina la Pebble in the Sky. Ndicho kitabu chake cha kwanza. Katika tawasifu matukio hayo yametawanyika baina ya kazi ya maabara na safari za wikendi. Bila jedwali lako hutaona kwamba ni kisa kimoja.

Sasa, kuhusu kitabu kipi. Asimov aliandika maisha yake zaidi ya mara moja, na vitabu hivyo havifanani. In Memory Yet Green ilitoka 1979 na inakwenda kutoka 1920 hadi 1954. In Joy Still Felt ilitoka 1980 na inafika 1978. Kila juzuu lina zaidi ya kurasa 700. Kwa kurasa 20 kwa siku, juzuu moja litakuchukua wiki tano hivi. Mwaka 1990, akiwa mgonjwa na kwa kusihiwa na mkewe Janet, akaandika cha tatu, I. Asimov, kilichotoka 1994 yeye akiwa ameshafariki (Aprili 6, 1992). Hiki hakifuati kalenda. Kina sura 166 fupi, kila moja juu ya mtu au jambo: baba, Campbell, hofu ya ndege, dini, ndoa, pesa. Halafu mwaka 2002 Janet akatoa It's Been a Good Life, ambacho ni muhtasari wa vyote vitatu, pamoja na nyongeza yake mwenyewe nzito sana ambayo nitaieleza.

Wengi hushauri kuanza na kile cha 1994 kwa sababu ni chepesi. Kwa msomaji anayetaka kumjua mtu, ni sawa. Kwa wewe, mwenye wanafunzi wanaotaka kuandika, sikubaliani. Cha 1994 ni hukumu za mzee aliyekwisha kujua kwamba alifanikiwa. Kila tukio limeshapakwa rangi ya mwisho wake. Juzuu ulilo nalo linakuonyesha kijana asiyejua kama kesho atakubaliwa, na hicho ndicho wanafunzi wako wanahitaji kukiona. Maliza hilo kwanza. Kisha, badala ya juzuu la pili, pita kwenye I. Asimov uangalie mambo yale yale yanavyosimuliwa na mzee wa miaka 70. Juzuu la pili lirudie baadaye, na ukilikosa usihuzunike mno: nusu yake ya mwisho imejaa mikataba, hotuba na mikutano, na huchosha hata mpenzi wa kweli. Sehemu zake zenye nguvu ni mbili. Ya kwanza ni mgogoro wake na wakuu wa chuo cha tiba cha Boston University, waliotaka afanye utafiti zaidi na kuandika kidogo. Kufikia 1958 aliacha kufundisha na kupoteza mshahara, lakini akabaki na cheo chake. Ya pili ni jinsi alivyogeukia vitabu vya kueleza sayansi kwa watu wa kawaida baada ya Wasovieti kurusha Sputnik Oktoba 1957.

Nirudi kwenye miaka inayofikia pale ulipokwama, kwa kuwa humo ndimo mna mali. Baba yake alikuwa na duka la peremende Brooklyn tangu 1926, likiuza pia sigara, soda na majarida, likifunguliwa alfajiri na kufungwa baada ya saa sita usiku, siku saba kwa wiki. Mtoto yeyote wa Kibokoni au Majengo aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba ataelewa kurasa hizo bila mwalimu. Baba hakutaka kijana asome majarida ya ovyo, lakini mwaka 1929 lilipotokea moja lenye neno "sayansi" kwenye jina lake, akalegeza. Asimov mwenyewe anasema saa za duka lile hazikumtoka maisha yote, na hapo pana jibu la swali ambalo wanafunzi watakuuliza kwanza: mtu mmoja anaandikaje vitabu vingi hivyo? Aliketi mapema, akaandika hadi usiku, hata siku za mapumziko. Alipiga taipureta maneno 90 kwa dakika. Aliandika nakala ya kwanza, akaisahihisha mara moja tu, akaichapa upya na kuituma. Aliamua mapema kuandika kwa lugha iliyo wazi isiyohitaji kupambwa, na uamuzi huo ulimwokolea muda kuliko kasi ya vidole. Waambie wanafunzi pia kwamba idadi ya vitabu zaidi ya 500 inajumuisha mikusanyo mingi ya hadithi za wengine aliyoihariri na wenzake, hasa Martin H. Greenberg. Hata alipofikia kitabu cha 200 alikipa namba hiyo kwa vitabu viwili vya wachapishaji wawili kwa pamoja, na kimojawapo ndicho hicho kilicho mkononi mwako.

Tarehe 21 Juni 1938 ipe nusu saa nzima. Kijana ana hadithi yake ya kwanza iliyokamilika, "Cosmic Corkscrew". Kuituma kwa posta ni senti 12. Nauli ya treni ya chini ya ardhi kwenda na kurudi ni senti 10. Baba anamwambia aipeleke mwenyewe. Anaingia ofisini kwa Campbell, wanazungumza zaidi ya saa moja, na siku mbili baadaye mswada unarudi umekataliwa. Hadithi hiyo haikuchapishwa kamwe na mswada wake ulipotea. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na akarudi karibu kila mwezi na hadithi mpya. Iliyochapishwa kwanza ilikuwa ya tatu kuandikwa, "Marooned off Vesta", tena si kwa Campbell bali katika Amazing Stories, toleo la Machi 1939. Alilipwa dola 64 kwa maneno 6,400, yaani senti moja kwa neno.

Hapa wasomaji wengi wa kwetu hukosea: hugeuza dola hizo kuwa shilingi za leo na kupata namba isiyo na maana. Pima kwa bei zilizomo kitabuni. Nauli ya treni ya New York ilikuwa senti 5 hadi mwaka 1948. Basi maneno matano yalinunua safari moja, na dola 64 ni safari 1,280. Wape wanafunzi nauli ya matatu ya siku hiyo kutoka Tudor hadi Posta, wahesabu wenyewe hadithi ya maneno 6,400 ingewalipa nini kwa kipimo hicho. Hesabu hiyo hufungua mjadala kuhusu thamani ya kazi ya mwandishi kuliko hotuba yoyote.

Kuanzia hapo, soma hadithi sambamba na tawasifu. Ukifika "Nightfall" ya Septemba 1941, isome kabla ya kuendelea. Wazo lilitoka kwa Campbell, na karibu na mwisho kuna aya aliyoipachika Campbell mwenyewe, ambayo Asimov hakuipenda. Wanafunzi wajaribu kuitambua kabla hujawaambia. Ni aya inayoitaja Dunia, na hadithi yenyewe haijui Dunia. Ukifika Agosti 1, 1941, angalia jinsi Foundation, mfululizo wa hadithi zake ulio maarufu zaidi, ilivyozaliwa: yumo kwenye treni akielekea kwa Campbell bila wazo lolote, anafungua ovyo kitabu cha michezo ya kuigiza ya Gilbert na Sullivan, anaona picha ya malkia wa majini amepiga magoti mbele ya askari, mawazo yanatoka kwa askari hadi dola za kijeshi, hadi kuanguka kwa Roma, hadi dola ya nyota zote. Kanuni Tatu za Roboti, zinazoongoza roboti katika hadithi zake, nazo zilitamkwa katika mazungumzo yao ya Desemba 23, 1940. Asimov alisema ni za Campbell, Campbell akasema alizitoa ndani ya hadithi za Asimov. Zinaonekana zote katika "Runaround" ya Machi 1942. Na usiruke thiotimoline, kemikali ya kubuni: ni makala ya mzaha ya kemia aliyoiandika ikachapishwa 1948 kwa jina lake halisi, miezi michache kabla ya kutetea tasnifu ya udaktari. Alihofu watahini wangekasirika. Mwisho wa mtihani mmoja wao akamuuliza swali juu ya thiotimoline; Asimov akacheka kwa kufarijika, alikuwa amefaulu.

Je, umwamini? Tarehe, malipo na mpangilio wa matukio baada ya 1938, ndiyo, kwa kiwango ambacho tawasifu chache hukifikia. Mazungumzo yaliyowekwa katika alama za usemi, nusu nusu. Shajara hurekodi kwamba watu walizungumza, mara chache hurekodi neno kwa neno. Watu wengine na nia zao, kwa tahadhari. Ndoa yake ya kwanza, na Gertrude Blugerman, ilianza 1942, wakatengana 1970 na kuachana 1973. Unaisikia kwa upande mmoja tu. Kwa miaka ya mwanzo, tafuta kumbukumbu za Frederik Pohl, The Way the Future Was, za 1978. Pohl alikuwa rafiki, kisha mhariri aliyenunua hadithi zake za awali, na anawaona vijana wale wale kutoka pembe nyingine.

Kuna sehemu mbili ambazo lazima uzisome mwenyewe kabla ya mwanafunzi yeyote. Asimov alikuwa na tabia ya kuwashika wanawake bila ridhaa yao kwenye mikutano ya mashabiki na katika ofisi za wachapishaji. Jambo hili limethibitishwa na wengi, na kitabu cha Alec Nevala-Lee, Astounding, cha 2018 kimelieleza kwa uwazi. Katika tawasifu zake tabia hiyo huja kwa sura ya utani na bashasha. Si utani. Waliotendewa walilipa kwa kukwepa ofisi, mikutano na nafasi. Una wasichana darasani; usiwasomee kurasa hizo kwa kicheko cha mwandishi. Zisemwe waziwazi au ziachwe, na mimi nasema zisemwe, kwa sababu ni somo la kusoma pia: sauti ya uchangamfu inaweza kuficha tendo baya kabisa mbele ya macho yako.

Ya pili ni Campbell na rangi. Campbell aliamini kwamba watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini-magharibi ni bora kuliko wengine, na katika hadithi alitaka binadamu daima wawashinde viumbe wa sayari nyingine, kwa mantiki hiyo hiyo. Asimov, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, hakutaka kuandika hivyo na hakutaka kumpoteza mhariri wake. Suluhisho lake likawa kuandika ulimwengu usio na viumbe wengine, binadamu watupu. Ndiyo sababu katika Foundation hakuna hata kiumbe mmoja asiye mtu. Msomaji wa Pwani ana haki ya kulipima hilo: alikwepa ubaguzi bila kuupinga, na ukwepaji huo ukawa umbo la kazi yake maarufu zaidi. Anaendelea kumshukuru Campbell hadi mwisho. Naona shukrani hiyo ni ya kweli, na naona pia ilimfanya aseme kidogo kuliko alivyojua.

Kuna kimya kimoja ambacho hakikuwa chake peke yake. Vitabu vyote vitatu alivyoviandika havitaji kilichomuua. Alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo Desemba 1983, na damu aliyoongezewa ilikuwa na virusi vya UKIMWI. Madaktari walishauri isitangazwe, familia ikanyamaza, na ukweli ukatolewa na Janet katika nyongeza ya kitabu cha 2002. Ukiisha kujua hilo, kurasa za I. Asimov kuhusu uchovu na hospitali husomeka upya. Usiwape wanafunzi kama siri ya kushtua. Wape kama ushahidi wa nini unyanyapaa wa miaka ile ulifanya hata kwa mtu aliyetangaza kila senti aliyoipata.

Kwa chama chenu, mikutano sita ya dakika 40 inatosha. Shikeni miaka 1938 hadi 1942 tu. Usijaribu kutafsiri kitabu. Soma nyumbani kurasa kumi na mbili hivi kwa kila mkutano, uwasimulie kwa Kiswahili, kisha uwasomee aya mbili tatu. Mikutano miwili ya kwanza iwe duka na Campbell, wa tatu "Marooned off Vesta" na hesabu ya nauli, wa nne "Nightfall", wa tano chanzo cha Foundation. Wa sita wasisome chochote: kila mmoja afungue ovyo kitabu chochote cha maktaba ya shule, achukue picha au sentensi ya kwanza anayoiona, na afuate mawazo hatua tano hadi yatoke duniani, akiandika kila hatua. Hapo ndipo wengi hukwama hatua ya pili kwa sababu wanarukia roketi mara moja. Waambie wakae na askari kwanza, kisha dola, kisha anguko. Roketi itakuja yenyewe. Na kila mmoja aanze shajara ya mistari mitatu kwa siku, yenye tarehe, alichoandika na kilichokataliwa.

Juu ya nakala yako: kitabu chenye jalada laini na gundi mgongoni, cha umri huo, hakihimili unyevu wa Mombasa. Usikikunjue hadi mgongo ulie. Kifungue kurasa hamsini hamsini kutoka pande zote mbili kuelekea katikati kabla ya kuanza kusoma, na msimu wa masika kiweke rafu ya juu penye upepo, si kabatini, kwani ukungu na wadudu wapenda gundi huanzia penye giza. Nyuma utakuta orodha ya vitabu vyake na fahirisi. Tumia fahirisi hiyo kujaza jedwali: fuata "Campbell" peke yake kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa jioni moja, na utakuwa umevuka pale ulipokwama.